Bingwa wa Kuhama Kampuni ya Gesi

Watu wengine Mungu huwajalia sauti ya kuimba, wengine mikono ya kushona, wengine sura ya kupendeza. Alwyn Thirlwell wa Gateshead alijaliwa kipaji cha kuhama kampuni ya gesi. Kila mwaka, mkataba ukikaribia kwisha, alivaa miwani, akajifungia na kompyuta, akafungua tovuti za kulinganisha bei, na akitoka humo alikuwa amekwisha kuhama. Nyumba hakuhama. Aliishi nyumba ile ile ya juu, Mtaa wa Whinney, tangu alipooa. Bomba lilikuwa lile lile, gesi ile ile, na boila ile ile ya kupashia nyumba joto, iliyokuwa ikikohoa kama mzee wa kiko. Kilichohama ni jina la kampuni juu ya bili. Lakini ungemsikia akisimulia safari hiyo pale klabu, glasi ya bia mkononi, ungedhani amevuka jangwa kwa miguu na kurudi na ngamia.

Kabla hajastaafu alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye mabasi, na kazi hiyo ilimfundisha jambo moja ambalo hakulisahau: kila binadamu, akipewa nafasi, atapanda bure. Alipostaafu, abiria wakamwishia. Akabaki na kampuni za gesi na umeme, na mkewe.

Mkewe aliitwa Doreen. Miaka mingi alishona mapazia katika kiwanda kidogo ng'ambo ya mto, na vidole vyake vikapata baridi yabisi kama zawadi ya kustaafu. Majira ya joto vilikunjuka vizuri. Ikifika Oktoba vilianza kujikunja kimoja kimoja, na kufikia Krismasi hata kifungo cha koti kilimtoa jasho, na hilo ndilo jasho pekee aliloliona mwaka mzima. Daktari alimwambia akae mahali penye joto. Maskini daktari, hakujua anamwambia mke wa nani.

Sasa katika mitaa ile kuna sheria ambayo haikuandikwa popote, na kwa hiyo inaheshimiwa kuliko zilizoandikwa: mwanamume anayejiheshimu hafungui joto la nyumba kabla ya tarehe mosi Novemba. Oktoba ikija na upepo wake wa kukata masikio, unavaa sweta. Ukiona hali si hali, unavaa sweta la pili. Pale klabu wanaume huulizana "Umefungua?" kama wafungaji wanavyoulizana habari za mwezi, na anayekiri kwamba amefungua hutazamwa kama mtu aliyekutwa akila mchana kweupe. Alwyn, kwa uchamungu wake, aliongeza sunna juu ya faradhi. Yeye hakufungua hadi Desemba, na akifungua ilikuwa saa moja ya jioni, mpaka taarifa ya habari iishe. Baada ya hapo kila mtu alijitegemea na chupa yake ya maji ya moto.

Hoja yake haikubadilika. Alimwambia Doreen kwamba si ubahili, ni mkakati. Bili ikishuka tu, watafungua joto asubuhi na jioni kama watu. Kilichohitajika ni kutumia kidogo na kuhama kwa wakati. Basi wakatumia kidogo, wakahama kwa wakati, na bili ikapanda. Mwaka uliofuata wakatumia kidogo zaidi, wakahamia kampuni iliyojisifu kuwa nafuu kuliko zote kaskazini yote ya nchi, na bili ikapanda tena. Ilikuwa kujaza maji kwenye pakacha. Mtu mwingine angesimama akajiuliza kuna nini na lile pakacha. Alwyn alizidi kuchota.

Kilichomchoma zaidi ni jirani wa chini. Nyumba za Mtaa wa Whinney hazikujengwa kwa watu wa siri: milango miwili imebanana ukutani kama mapacha, mmoja wa nyumba ya chini, mwingine unafunguka moja kwa moja kwenye ngazi za nyumba ya juu. Chini aliishi Bi Edna Hedley, mjane aliyevuka themanini, ambaye marehemu mumewe alijenga meli hadi meli zikaisha. Bi Edna hakuwahi kuhama kampuni maishani mwake. Alikuwa na ile ile aliyoichagua mumewe, na hakujua bei ya gesi wala hakuitafuta. Mwezi wa Januari, barafu ikiwa kwenye vioo vya magari, Bi Edna alikuja mlangoni na blauzi ya mikono mifupi, mashavu mekundu, na nyuma yake dirisha la sebule liko wazi kupunguza joto.

Alwyn alijaribu kumwelimisha. Alishuka na karatasi, akamwonyesha jinsi anavyokamuliwa, akamweleza kwamba mteja asiyehama ndiye anayelipia karamu ya wanaohama. Bi Edna alimsikiliza kwa adabu na kumpa biskuti.

"Mimi sihami, mwanangu," alimwambia. "Wananijali. Bili yangu inashuka kila mwaka, na sijawaomba."

Alwyn alipanda ngazi akiwa na hakika kwamba mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa. Doreen, aliyekuwa amekaa na koti na glavu zilizokatwa vidole, alisema kwamba kama huko ndiko kuchanganyikiwa, yeye yuko tayari kuanza leo.

Mkaguzi wa tiketi ana namna yake ya kufikiri. Gari likiwa na abiria wawili, na mmoja ni yeye mwenyewe, aliyepanda bure hatafutwi mbali. Mita ilisema gesi inatumika. Alwyn hakuitumia. Ndani ya nyumba walikuwa wawili. Kuanzia hapo, akirudi klabu, hakuvua kofia kabla ya kupapasa vyuma vya joto ukutani, kimoja baada ya kingine, kwa kiganja kizima, kama daktari anayetafuta homa. Vilikuwa vya baridi. Hilo halikumtuliza hata kidogo. Lilimwonyesha tu kwamba mwenzake ni mjanja na anazima mapema.

Jioni moja ya majira ya baridi alimkalisha.

"Sitakasirika, kipenzi," alisema. "Niambie tu. Nikienda klabu, unafungua joto?"

"Sifungui."

"Hata kidogo? Hata nusu saa, vidole vikikuuma?"

"Nivue glavu uvitazame, Alwyn? Hivi ni vidole vya mtu anayeota joto?"

"Mita haina sababu ya kusema uongo."

Doreen aliweka kikombe chini polepole. "Ila mimi ndiye ninayo?"

Mkaguzi mzuri habishani na abiria, anachukua hatua. Kesho yake Alwyn alinunua kisanduku cha plastiki chenye kufuli, cha aina wanayofunga maofisini ili makarani wasichezee joto, akakipigilia ukutani juu ya kile kidude cha kurekebishia joto, na ufunguo akaupachika kwenye mnyororo wa saa yake. Kidude kilionekana vizuri ndani ya plastiki. Unaweza kukitazama kadiri unavyotaka.

Doreen alikitazama siku nzima. Usiku ulipoingia alimwambia mumewe, bila kupaza sauti, kwamba baridi anaweza kuivumilia, kwa kuwa alizaliwa nayo. Kuitwa mwongo katika nyumba yake hawezi. Ameliacha lipite mara hii. Likirudi, ataondoka, na hatarudi kuchukua hata mwavuli. Alwyn alisema hakuna aliyemwita mwongo. Doreen alisema sawa. Na kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa kaskazini, waliolelewa kutotaja jambo lolote lenye uzito kabla ya chai, walinyamaza, na neno lile likakaa nao sebuleni kama mgeni asiyeaga.

Januari ya mwaka uliofuata ikaja bili mama wa bili zote. Alwyn aliisoma amesimama kwenye ngazi, akaisoma tena amekaa. Kufuli lilikuwapo. Ufunguo ulikuwapo. Joto lilikuwa limefunguliwa kwa kijiko. Mtu mwenye akili timamu, akiona kufuli halijaguswa na bili imepanda, huanza kuishuku bili. Alwyn aliingia jikoni, akamtazama mkewe machoni, akauliza:

"Ulichongesha ufunguo wapi?"

Doreen alikuwa akiosha karoti. Alizima maji, akafuta mikono, kwa shida kama kawaida, akaenda chumbani kushusha begi juu ya kabati. Dada yake alikuwa na chumba cha akiba Whitley Bay, kando ya bahari. Alimwambia Alwyn kwamba Alhamisi jioni dada huyo atakuja kumchukua kwa gari. Hakulia wala hakubamiza mlango. Alwyn angependelea abamize.

Ingawa alitishika, na alitishika kweli, maana usiku ule alilala macho wazi akisikiliza pumzi za mkewe, bado alikuwa na karata moja. Alikwisha kupata kampuni mpya, na bei yake nzuri ilikuwa na sharti: lazima ukubali mita mpya inayojisoma yenyewe. Mita hiyo huja na kioo kidogo cha kuweka mezani, kinachoonyesha gesi iliyotumika saa kwa saa. Fundi alikuwa aje Alhamisi hiyo hiyo, asubuhi. Alwyn alimweleza Doreen kwamba asiwe na haraka ya kuondoka, kwani chombo kinakuja na kitasema ukweli wote.

"Vizuri," Doreen alisema. "Angalau kuna mmoja humu atakayeaminiwa."

Alhamisi ikafika, begi liko juu ya ngazi, na Doreen jikoni. Alikuwa amebandika chungu cha mguu wa nguruwe na njegere za kupondwa, chakula cha kwao ambacho hukaa motoni asubuhi nzima, ili asije mtu akasema kwamba mke wa Thirlwell aliondoka akamwacha mumewe na njaa. Wanawake wengine huondoka na sahani hewani. Doreen aliondoka kwa utaratibu.

Fundi aliitwa Lee Purvis, mtu wa kifua kipana na maneno mengi, aliyetaka chai yenye sukari mbili kabla hajafungua mkoba. Masanduku ya mita yalikuwa nje, mawili, ukutani kwenye njia ya miguu, moja kushoto na moja kulia, na kila moja limepakwa namba ya nyumba kwa rangi nyeupe iliyonyooka. Lee aliisifu ile rangi. Alwyn alisema ni mkono wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

Kabla ya kukata gesi, Lee aliuliza kama jiko limezimwa juu. Alwyn aliita kutoka chini ya ngazi. Doreen akajibu kwamba chungu chake hakijaiva, na anayetaka kuzima aje azime mwenyewe. Kupanda kule jikoni, kupita kando ya lile begi, kwenda kuzima chungu cha mkewe mbele ya macho yake, Alwyn hakuweza. Mtu aliyewatoza faini maelfu kwa kusema wamesahau tiketi nyumbani alimgeukia Lee, akasema, "Limezimwa."

Lee akafunga koki ya sanduku la kushoto.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Lee alipuliza chai yake. Kisha mlango wa chini ukafunguka na Bi Edna akatoka na mikono yake mifupi, akaangaza huku na huku. Alisema samahani kuwasumbua, anajua wana kazi, lakini joto lake limekatika ghafla na boila imetoa mlio wa ajabu. Lee alimwambia asiwe na wasiwasi, mama, hatujagusa yako. Na hapo hapo sauti ya Doreen ikashuka kwenye ngazi.

"Mnakata leo au kesho? Njegere zangu zinafurika huku."

Lee alimtazama Alwyn. Akaweka kikombe juu ya ukuta, akapanda ngazi mbili mbili, na aliyosema jikoni yalisikika hadi barabarani. Aliporudi hakuwa tena mtu wa maneno mengi.

"Bosi, uliniambia jiko limezimwa."

"Nilidhani..."

"Linawaka moto wa kuchemshia ng'ombe. Na gesi yenu nimeifunga. Sasa inatoka wapi?"

Hakungoja jibu. Alimwomba Doreen azime moto, safari hii akahakikisha kwa macho, akafungua sanduku la kulia, akafunga koki yake, akapanda tena. Jiko la akina Thirlwell halikuwaka. Akaifungua, likawaka. Alirudia mara ya pili kwa ajili ya Alwyn, kama unavyomrudishia mtoto chenji kwa kuhesabu. Mita ya kushoto ilikuwa ya chini. Mita ya kulia ilikuwa ya juu. Lee alitazama simu yake ya kazi, akasema kwamba kwenye kumbukumbu Bwana Thirlwell ameandikishwa ile ya kushoto, akauliza nani aliwaambia kwamba ya kushoto ni yao.

Hakuna aliyemwambia, na hapo ndipo penye tabu. Mtaa wa Whinney kila kitu huenda kwa upande. Mlango wa kushoto una pipa lake la taka kushoto, kamba yake ya nguo kushoto, banda lake la makaa la zamani kushoto. Miaka sita nyuma, alipohama kampuni kwa mara ya kwanza na kuulizwa namba ya mita, Alwyn alitoka na tochi, akaona masanduku mawili yasiyo na alama, akakumbuka kwamba mlango wake ni wa kushoto, na mambo yakaisha. Mafundi waliolaza yale mabomba hawakujua adabu za mtaa, walifuata njia fupi. Angeweza kugonga kwa Bi Edna wakajaribu koki kwa dakika moja. Lakini kule kumgongea jirani umuulize habari za gesi yake ni sawa na kumuuliza anavaa nguo gani za ndani. Akanunua rangi nyeupe.

"Ile barua!" Bi Edna alisema, mkono kifuani. "Miaka hiyo waliniletea barua ya kwaheri. Wanasikitika eti naondoka. Nikapiga simu nikalia. Binti mmoja akaniambia usijali, mama, anwani hii ina mita nyingine haina mtu, tumekuandikia wewe." Akawatazama mmoja mmoja. "Nami nikasema, kumbe wananipenda."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila Alwyn alipobana joto, bili ya Bi Edna ilishuka. Kila bili ya Bi Edna iliposhuka, alifungua dirisha jingine. Na yule bingwa, mkombozi wa wateja wa kaskazini, alikaa na masweta mawili akimtafutia jirani yake bei nafuu ya gesi, mwaka hadi mwaka, bila hata kuombwa. Kampuni yenyewe isingemtunza bibi yule kama alivyomtunza Alwyn.

Doreen alikuwa ameshuka katikati ya maneno hayo, aproni kiunoni. Hakumtazama mumewe. Alimuuliza Lee swali moja tu: ile mita ya kulia, iliyo yao kwa kweli, imetumika sana?

Lee aliinama akaisoma, akaangalia na simu. "Hii?" alisema. "Mama, hii ningedhani ni nyumba ya watu wanaokuja likizo tu."

"Asante," Doreen alisema. Sasa ndipo alipomgeukia mumewe, akamngoja.

Lee alielewa kwamba kuna kitu kinangojwa, akajitia kutafuta spana. Bi Edna alielewa, akainamia maua yake. Kila mtu alielewa isipokuwa aliyengojwa. Alwyn alianza kusema kwamba lazima kampuni zote sita zipigiwe simu. Kwamba kuna ofisi ya malalamiko. Kwamba ukichukua tofauti ya mita hizi mbili, ukaizidisha (hapo jicho lake likamtoroka likamwangukia Bi Edna), ukaizidisha kwa miaka...

"Kwa Bi Edna hutachukua peni moja," Doreen alisema.

Akapanda ngazi. Aliporudi alikuwa na begi, na mkono mwingine mfuko wa sufi na sindano za kufumia. Alwyn alimwambia kwamba dada yake hafiki mpaka jioni. Doreen alijibu kwamba amekwisha kumpigia asije.

"Bi Edna, una nafasi ya mtu mmoja?"

"Ninayo, mwanangu. Na joto lipo, ila kumbe lenu."

"Ndiyo maana nakuja. Nililipia, sikuwahi kuliona."

Akaingia mlango wa kulia. Lee alimaliza chai yake, akasema kesi kama hii ni lazima airudishe ofisini kwanza, akafungasha mkoba, na alipokuwa akiingia garini bado alikuwa akitikisa kichwa.

Jioni ile Alwyn alipiga simu. Hakuna aliyeweza kupiga simu kama yeye. Alijua kubonyeza namba zipi ili usikutane na mashine, alijua kuvumilia muziki, alijua kutaja usumbufu, fadhaa na umri wake mkubwa kwa sauti inayokaribia kukatika. Alidai kuombwa radhi, na haikuchukua muda kijana wa upande wa pili akamwambia kwamba wanasikitika sana, Bwana Thirlwell, kwa yote yaliyompata. Neno lilitoka kirahisi, bila maumivu, kama mate. Kisha kijana akaongeza kwa upole kwamba namba ya mita, kwa mujibu wa kumbukumbu, iliingizwa na Bwana Thirlwell mwenyewe. Alwyn aliaga.

Alifungua kufuli la kidude, akapandisha joto hadi alama ambayo haikuguswa tangu boila ile ilipokuwa mpya. Vyuma vilianza kugonga na kunung'unika ukutani. Akavua sweta moja, halafu la pili, akakaa na shati, akala njegere. Zilikuwa nzuri sana, na jambo hilo lilimuumiza. Kutoka chini ya sakafu alisikia wanawake wawili wanacheka. Doreen alikuwa na kicheko cha kukatikakatika ambacho Alwyn alikuwa amekisahau, akadhani kwanza ni televisheni.

Siku zikapita hivyo. Klabu alikwenda mara moja. Mmoja akamuuliza, kwa desturi, anajiwezaje na baridi hii, na Alwyn akasema kwamba joto limefunguliwa mchana kutwa. Meza ikanyamaza kwa heshima, wakidhani amefiwa.

Nyumba ilikuwa na joto na ilikuwa haikaliki. Alijaribu kujiambia kwamba kosa lilikuwa la mafundi wa zamani, la yule binti wa simu, la serikali iliyogawa gesi moja kwa kampuni hamsini. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomshusha ngazi. Nyani haoni kundule, lakini akikaa peke yake nyumbani muda mrefu bila wa kumlaumu, huanza kugeuza shingo. Jumapili jioni alivaa koti kushuka ngazi za nyumba yake mwenyewe, akagonga mlango uliopakana na wake.

Bi Edna alimfungulia, akamwambia aingie haraka asiingize baridi, kisha akakumbuka kwamba ana maji jikoni yanataka kuchemshwa, akatokomea. Dirisha la sebule lilikuwa wazi. Doreen alikuwa kwenye kiti karibu na chuma cha joto, bila koti, bila glavu, anafuma.

Alwyn alikuwa amejiandalia maneno. Alisema kwamba mita zinarekebishwa, kwamba hatadai chochote kwa mtu yeyote, kwamba kufuli amelitupa. Doreen aliitikia kwa kichwa kila moja, kama mtu anayepokea mizigo isiyo yake. Ndipo Alwyn alipoviona vidole. Vilikuwa vikienda. Havikwenda kwa haraka, lakini vilikuwa vikikunjuka na kukunjika, vinavuta uzi, vinapindua, na ilikuwa Januari. Hakuwa amewahi kuviona vikifanya kazi Januari tangu aanze kuhama. Yale maneno mengine aliyoyaandaa yakapotea.

"Hukunidanganya," alisema.

"Najua."

"Nilikuita mwongo. Nilikuita mwongo ukiwa na baridi." Alishika kofia kwa mikono miwili. "Nisamehe, Doreen."

Doreen alimaliza mstari aliokuwa akiufuma, kwa kuwa mstari haukatizwi katikati hata kwa jambo kama hilo. Kisha akaweka sindano mapajani, akamtazama vizuri, na macho yake yalikuwa na maji, ingawa sauti haikuwa nayo.

"Kampuni ikikukosea peni moja, unahama," alisema. "Mimi umenikosea miaka sita, na nimehama ghorofa moja tu. Panda juu, Alwyn. Nikiwa tayari, najua njia."

Alwyn alisema asante, akapanda. Kule juu kulikuwa na joto la kutosha watu wawili.